Kilwa Kisiwani kwa siku moja: kibali, chombo, mwongozaji na hali ya kuta zenyewe

Jibu fupi kwanza: Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu kwenye pwani ya kusini ya Tanzania, inastahili safari, lakini si ile ya saa mbili wanayouziwa wageni wengi. Tenga saa tano za kuwa kisiwani, vaa viatu vya kufunga, mwombe mwongozaji aanzie Husuni Kubwa, kasri la kale la sultani, badala ya kumalizia huko, na Songo Mnara, magofu ya kisiwa jirani, uipe siku yake. Kasoro ya ziara hii haiko baharini wala kwenye magofu. Kasoro ni kwamba mgeni huonyeshwa majengo na kutajiwa majina ya masultani, kisha anarudi bila kuelezwa ni nini kinachozizuia kuta hizi zisianguke. Hilo nalo linaonekana kwa macho, ukijua pa kuangalia.

Majina huchanganya watu, tuyaweke sawa. Kilwa ziko tatu. Kilwa Masoko iko bara, ndiyo makao ya wilaya, na ndipo utakapolala, utakapochukua kibali na kupanda chombo. Kilwa Kivinje, kaskazini mwa Masoko, ni mji wa biashara wa karne ya 19, wenye nyumba za mawe na majengo ya Wajerumani. Kilwa Kisiwani ndiyo dola ya kale yenyewe. Pamoja na magofu ya Songo Mnara iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikahamishiwa orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na ikaondolewa huko mwaka 2014 baada ya miaka ya ukarabati. Kwa hiyo unachokwenda kuona ni magofu yaliyokaribia kupotea yakarudishwa, na alama za kupotea na za kurudishwa zote zipo ukutani.

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 300 kwa barabara ya Lindi. Mabasi ya Kilwa huanzia Mbagala. Ukipanda basi la Lindi au Mtwara, shuka Nangurukuru, kisha tafuta gari dogo la kwenda Masoko, kama kilomita 30. Masika usipange safari ya kubana siku. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hii eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, ingawa kusi, upepo wa kusini, huvuma kwa nguvu, na tena Januari na Februari kwa anayevumilia joto.

Kibali huchukuliwa Masoko kabla ya kuvuka. Magofu sasa yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Jambo hilo huwashangaza wanaotarajia kukuta Idara ya Mambo ya Kale mlangoni. Nenda na kitambulisho, kwa sababu ada ya Mtanzania si sawa na ya mgeni kutoka nje. Dai risiti. Kabla hujalipa uliza mambo matatu: je, ada hiyo ni ya Kisiwani peke yake au inahusu na Songo Mnara? Mwongozaji yumo au analipwa kando? Na chombo je? Ugomvi mwingi wa ufukweni huanza kwa kudhani kwamba bei moja imebeba vyote vitatu.

Chombo. Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani una upana wa kama kilomita mbili. Boti ya injini huchukua takriban robo saa; mashua ya tanga hutegemea upepo, na upepo ukilala utapigiwa kasia au pondo. Mashua ndiyo nzuri zaidi kwa macho, na kwa kwenda asubuhi hatuna neno nayo. Kwa kurudi alasiri wakati wa kusi, chukua yenye injini, maana bahari huchafuka baada ya saa nane na maji huruka ndani ya chombo. Jaketi za kujiokolea uzihesabu chombo kikiwa bado ufukweni. Simu na kamera zikae ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kushuka mara nyingi ni kushuka majini: maji yakiwa yamepwa utatembea yakikufika magotini, hivyo suruali ya kukunja ni bora kuliko ile ya kubana.

Sasa utaratibu wa kuzunguka. Waongozaji wengi huanzia Gereza, yaani ngome ya zamani, kwa kuwa ndilo jengo la kwanza kutoka ufukweni, wakaingia Msikiti Mkuu, kasri la Makutani, makaburi, na mwishoni, jua likiwa la utosi na maji ya kunywa yamekwisha, wanakuuliza kama bado una nguvu za kwenda Husuni Kubwa. Wengi husema basi. Hapo ndipo wanapoikosa nusu ya Kilwa. Husuni iko zaidi ya kilomita moja mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, na kivuli ni haba. Nenda huko kwanza, kabla ya saa tatu asubuhi, kwa miguu au kwa kumwomba nahodha akushushe upande huo maji yakiruhusu. Gereza na misikiti vina kuta za kukukinga na jua, vitangoja.

Husuni Kubwa ilijengwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyetawala takriban 1310 hadi 1333. Ina vyumba zaidi ya 100, nyua zilizoshuka ngazi kwa ngazi, na birika la pembe nane ambalo kila mgeni hupiga picha. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331, katika utawala wa sultani huyohuyo. Fedha za kujengea kitu cha ukubwa huu zilitokana na dhahabu ya Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo, iliyopitia mikononi mwa Kilwa. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan imewahi kuokotwa hata Great Zimbabwe, mbali kabisa na pwani. Usitarajie kasri lenye paa. Utaona kuta fupi, sakafu na ngazi, na bila mwongozaji mwenye kuujua mchoro wa jengo utadhani ni mawe tu. Mwulize akuonyeshe ulipokuwa ua wa biashara, wenye vyumba vilivyojipanga kuuzunguka, na akulinganishie na upande wa kuishi ulio karibu na bahari. Akishindwa kuvitofautisha, basi umempata wa kukuonyesha njia tu.

Jengo hili halikukamilika na halikukaliwa muda mrefu, na kwa mtaalamu hilo ni bahati. Mji unaokaliwa kwa karne nyingi hufumuliwa na kujengwa upya juu ya ule wa kwanza, lakini Husuni ni karatasi iliyoandikwa mara moja. Ndiyo maana uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick wa miaka ya 1960 uliweza kusoma humu fikra ya mjenzi mmoja. Ndiyo maana pia ukingo wa jabali unaotafunwa na bahari ni tatizo kubwa kuliko linavyoonekana. Usisogee kwenye ukingo huo kwa ajili ya picha: mwamba ni wa matumbawe, mawimbi huula kwa chini, na juu huoni dalili yoyote.

Msikiti Mkuu hauhitaji kusifiwa sana, ingia tu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ndogo, ya paa bapa lililobebwa na nguzo. Sehemu ya kusini ni upanuzi mkubwa wa baadaye, na ndiyo yenye matao na kuba. Kuba kuu iliyokuwa pembeni yake ilibaki kuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Paa la upanuzi wa kwanza lilianguka, na nguzo unazoziona leo, za pembe nane, ni za ujenzi mpya wa karne ya 15: zimejengwa kwa mawe madogo na chokaa, wakati zilizotangulia zilikuwa za matumbawe ya kipande kimoja. Hapa mwongozaji mzuri atakuonyesha vipande vya nguzo za awali. Mahali pa kutawadhia tafuta jiwe la mchanga lenye mgongo wa mviringo, la kusugulia miguu. Wageni hulipita wakidhani limeanguka tu kutoka ukutani. Muda wa kukaa humu ni dakika 40 angalau, na ni vyema uende jua likiwa limeinama, maana mwanga ukiingia kwa pembe huonyesha michirizi ya mikono ya mafundi kwenye lipu.

Tukae kidogo kwenye lipu hiyo. Kuta za Kilwa zimejengwa kwa aina mbili za jiwe. Ya kwanza ni jiwe la matumbawe ya nchi kavu, gumu, lisilo na umbo, la kujazia ukuta. Ya pili ni tumbawe hai la baharini, ambalo likitolewa majini ni laini, linachongeka kwa shoka na patasi, kisha hukauka likawa gumu. Hilo ndilo la mihrabu, vizingiti na matao. Kinachoyashika pamoja ni chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni nyingi, ikazimuliwa kwa maji na kuachwa ilale. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haibebi dari nzito ikizidi urefu fulani, vyumba vingi vina upana usiozidi mita tatu. Ukipima kwa hatua utaona vyumba vya tajiri na vya mtu wa kawaida vinatofautiana kwa urefu. Upana ni uleule.

Ukuta wa namna hii hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hutoka kupitia chokaa, hukauka. Chumvi ya bahari nayo husafiri na unyevu huo na kutokea usoni. Saruji ikipakwa juu yake, kama ilivyofanyika katika matengenezo ya zamani ya magofu mengi ya pwani, unyevu hukosa njia. Chumvi huganda nyuma ya saruji, hutanuka, na kulisukuma jiwe. Baada ya miaka kadhaa kiraka cha saruji husimama kizima huku jiwe linalokizunguka limeliwa kama jibini. Kwa hiyo ukiona kiraka cha kijivu kilichotokeza mbele kuliko mawe yake, na unga mweupe kando yake, umeona kosa la fundi wala si uzee wa jengo.

Ukarabati mzuri una alama zake. Chokaa ni nyeupe au ya krimu, huchubuka kidogo ukiikwaruza (usiikwaruze!), na imekaa ndani kidogo ya uso wa jiwe. Kichwa cha ukuta kimepewa mgongo wa chokaa ulioinama ili mvua itelemke isitwame. Juu ya mlango pana kizingiti kipya cha mti mgumu: vizingiti vya zamani vilioza au vikaliwa na mchwa, vikaacha mianya mitupu, na tao likikosa cha kuliegemeza hushuka na kipande cha ukuta pamoja nalo. Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa mto au uliooshwa, kamwe usiwe wa ufukweni kwa sababu ya chumvi. Lipu ipakwe kwa tabaka nyembamba, na ifunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Fundi mwenye haraka ndiye anayeharibu hapa: chokaa ikikauka kwa jua la saa saba badala ya kukomaa polepole, hupasuka kama uso wa bwawa lililokauka.

Halafu miti. Utaona mizizi ya mitini imekumbatia kuta, na utajiuliza kwa nini hawaikati. Kwa sababu mzizi huo umeupasua ukuta na sasa ndio unaoushikilia. Ukiukata leo, ndani ya miaka michache utaoza, uache shimo, na ukuta ulale. Njia ya salama ni kukata matawi, kuua shina polepole, na kujaza chokaa na mawe kila mzizi unaponywea. Mche mdogo wa mwaka mmoja ndio wa kung'oa kwa mkono. Usafi wa kila mwezi huokoa ukuta kuliko mradi mkubwa wa kila miaka kumi, lakini mradi hupata picha na hotuba, na ufagio haupati.

Gereza ni la kupita haraka zaidi kuliko ukubwa wake unavyokushawishi. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505 na kuondoka 1512. Unayoiona leo ni zaidi kazi ya Waomani wa mnamo 1800. Neno lenyewe linasemwa limetokana na neno la Kireno la kanisa, na namna kanisa lilivyogeuka jela katika Kiswahili ni mazungumzo mazuri ya kwenye mashua. Tazama pembe za upande wa bahari. Maji yalikwishaangusha sehemu ya jengo, na tiba iliyotumika ufukweni ni pamoja na kupanda mikoko, ambayo huvunja nguvu ya wimbi na kukamata tope. Ukuta wa zege ungemaliza kazi haraka zaidi mahali pale, lakini wimbi linalogonga zege hurudi likachimba ufukwe wa jirani.

Makutani, kasri lenye ukuta wake, lipe nusu saa. Msikiti mdogo wa kuba ndio uliosimama vizuri kuliko majengo yote, dakika 20 zinatosha. Makaburi ya masultani na ya Mashehe Arobaini yasikanyagwe wala kukaliwa; watu wa kisiwa bado huzuru baadhi yake. Kumbuka kisiwa kina kijiji: salimu, uliza kabla ya kupiga picha ya mtu, wanawake mbebe kanga.

Vigae, vipande vya vyombo vya kale, usiokote. Utavikanyaga, vya China vyenye kung'aa na vya udongo vya hapa hapa, na mtoto anaweza kukuletea kiganjani. Kataa kwa upole. Kigae kilichoko mahali pake huonyesha tabaka hilo la udongo ni la karne gani. Kikiingia mfukoni mwako hakisemi lolote. Na ni kosa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja kila kilichotengenezwa kabla ya 1863, kiwe kimetangazwa au la. Vya baada ya hapo hadi vitangazwe. Mwaka huo mmoja unaeleza mengi utakayoyaona nchini: Kisiwani kila ukuta una kinga, wakati Kivinje, saa moja tu kutoka hapo, nyumba kadhaa za mwisho wa karne ya 19 zinaanguka, nyingine ni mali ya familia zisizo na uwezo wa kununua hata boriti. Kama una mchana wa ziada, nenda Kivinje ukaone tofauti hiyo.

Kwa wanaouliza kama waende Kilwa au kwingine. Kaole, karibu na Bagamoyo, inafikika kwa safari ya siku moja kutoka Dar na ina misikiti na makaburi ya nguzo, lakini ni ndogo; utamaliza kwa saa moja na nusu. Tongoni, kusini mwa Tanga, ina makaburi zaidi ya 40 na matundu ambayo zamani yalishika bakuli za kauri. Bakuli zimeondoka, matundu yamebaki. Laetoli, kaskazini mwa nchi, ni jambo jingine kabisa: nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu, za miaka milioni 3.6, zilizogunduliwa 1978 zilifukiwa ili zihifadhiwe, mizizi ya migunga ikazifuata chini, zikabidi kufukuliwa, kutibiwa na kufukiwa tena katika miaka ya 1990. Zanzibar, Beit al Ajaib, jumba la kisultani la 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Katika hizi zote, hakuna inayoonyesha mji mzima wa Kiswahili, kasri, misikiti, makaburi na gati, kwa ukubwa wa Kilwa.

Songo Mnara mwishoni, kwa sababu ndiyo ngumu. Magofu yana misikiti mitano, kasri na nyumba kama 33 ndani ya ukuta wa mji, za karne ya 14 na 15, na nyumba zenyewe zimesimama vizuri kuliko za Kisiwani: utaingia kwa daka (ukumbi wa mlangoni), upite kiwanja (ua wa ndani), uingie msana (chumba kirefu kinachofuata ua) na ndani (chumba cha nyuma), uone vidaka (vishubaka vya ukutani) na hata vyoo. Kufika ni saa moja au zaidi kwa boti ya injini, kisha kupita kwenye mikoko na tope. Hapo ndipo kalenda ya mwezi inapokuwa muhimu kuliko ya ukutani. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mno panapo saa nne asubuhi, na utatembea kwenye tope mwendo mrefu, ukibeba viatu. Siku za maji mafu, zile za katikati ya hizo, asubuhi saa hiyohiyo maji yako juu kiasi, chombo husogea karibu. Ongea na nahodha jioni ya kuamkia safari, yeye ndiye apange saa ya kuondoka. Chukua lita mbili za maji kwa kila mtu, chakula, na viatu vya zamani usivyojali kuvitupa, kwa sababu chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko hukata nyayo kama wembe.